Waliohamishwa Hawana Pingamizi

Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla hajawa mbeba maboksi wa Minto, Murhula alikuwa mtu wa kusikilizwa. Unga ukija na fukusi, aliitwa Murhula. Bomba likikauka, Murhula. Wageni wa mashirika walipofika na magari yao meupe, yeye ndiye aliyesimama mbele yao na koti la kijivu alilovuka nalo Ziwa Tanganyika, akasema polepole, bila kuomba na bila kutukana. Mara nyingi hakupata kitu. Lakini mara mojamoja alipata: bomba la pili, zahanati kufunguliwa na Jumamosi. Watu wa mtaa wake wakamwita Président, kwanza kwa utani, kisha utani ukasahaulika na jina likabaki.

Mwaka 2003 alishuka Sydney na mkewe Généreuse na binti yao Vanessa, akapewa nyumba ya serikali kule Minto, kusini magharibi mwa jiji. Généreuse akapata kazi ya kuogesha na kulisha wazee katika makao yao kule Campbelltown. Murhula akaajiriwa kwenye bohari la masinki na mabomba, upande wa pili wa reli, ambako msimamizi wake alijaribu kulitamka jina lake mara mbili, likamshinda, akaamua kumwita Murray. Murhula aliitika. Alibeba, alipanga, alirudi nyumbani, akakaa mbele ya televisheni asiyoielewa vizuri. Hakuna aliyemuuliza lolote. Mgongo ulimuuma, lakini si mgongo uliomkosesha raha.

Ndipo siku moja ya mwaka 2005 Vanessa akatoa karatasi kwenye sanduku la barua na kuisoma akiwa amesimama, mkoba wa shule bado begani. Nyuma ya bohari alikofanya kazi baba yake palikuwa na jengo fupi la matofali, majani yake yamekatwa vizuri, maua yamepandwa getini, na kibao kimeandikwa Brackwell tu, basi. Murhula alilipita kila asubuhi akidhani ni ofisi ya bima. Kumbe ndani yake mlihifadhiwa mapipa ya taka za mionzi kutoka mahospitalini na viwandani, na yalikuwamo humo kwa miaka ishirini. Leseni ilikuwa inakwisha. Kampuni iliomba iongezewe ishirini mingine. Mamlaka inayotoa leseni ilikuwa inafanya tathmini ya mazingira, na wakazi wa jirani walikaribishwa kutoa maoni yao.

“Taka za mionzi ni taka gani?” Généreuse aliuliza.

Vanessa akaanza kueleza kwa Kiingereza, akaona mama yake anamtazama tu, akatafuta Kiswahili chake kilichoanza kuchakaa. “Sumu, Mama. Haionekani. Hainuki. Lakini wameifunga.”

“Wameifunga na nini?”

“Na pipa.”

Généreuse akaketi. “Tumekimbia risasi, tukakimbia kipindupindu, tumekuja kulala mlango kwa mlango na sumu isiyonuka.”

Lakini Murhula, ajabu yake, alikuwa anatabasamu. Alimwomba Vanessa arudie mstari wa mwisho, kisha arudie tena.

“Banatuuliza,” alisema. “Umesikia, Mama Vanessa? Hawakuja na bunduki, hawakuja na tangazo. Wanatuuliza sisi.”

“Nimesikia,” alisema Généreuse. “Nangoja nisikie watakachofanya na jibu.”

Kuanzia siku hiyo mgongo wa Murhula ukanyooka. Alipita nyumba kwa nyumba, kwa Wakongomani wenzake na kwa Warundi, akanywa chai asizozihitaji, akaeleza jambo lile lile kwa uvumilivu ule ule wa kambini. Walio wengi waliogopa. Mtu aliyeletwa na serikali, akapewa nyumba na serikali, atasimamaje mbele ya serikali kuipinga?

Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni rafiki yake mwenyewe, Balthazar, Mrundi aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Mtabila, jirani yake wa ukuta mmoja. Balthazar alifagia treni na vituo vya jijini, na alikuwa mtu asiyependa jina lake litajwe popote.

“Président,” alimwambia, “miye kambini nilinyamaza. Waliosema niliwaona wakipandishwa lori la kurudishwa Burundi. Miye niko hapa kwa sababu ya mdomo huu kufungwa.”

“Kule ni kule, hapa ni hapa.”

“Serikali ni serikali.”

Mkewe Balthazar, Anésie, alikuwa anakaanga ndizi, akageuka na mwiko mkononi. Yeye alisafisha wodi katika hospitali kule Campbelltown, na alikwisha kuona milango yenye alama ya mionzi ambayo hata mfagiaji haruhusiwi kuivuka bila vazi maalumu. “Malori yanayopeleka hayo mapipa yanapita mbele ya shule ya wajukuu zangu,” alisema. “Nami nilidhani ni ya soda. Tutakwenda, Balthazar. Usipokwenda wewe nitakwenda mwenyewe.”

Balthazar akamgeukia Murhula. “Na wakitukasirikia? Wakituondoa?”

“Hapa mtu haondolewi kwa kusema,” Murhula alijibu. “Nakuapia kwa kaburi la mama yangu.”

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa klabu moja karibu na kituo cha treni. Palikuwa na chai na biskuti, na picha kubwa za rangi za mapipa yaliyopangwa vizuri kama vitabu vya maktaba. Jopo la watu watatu liliketi nyuma ya meza ndefu. Wazungu wa mtaani walikuja wachache, wengi wao wazee. Waafrika walikuja wamejaza safu nne za nyuma, kinamama wamevaa vitenge vya kanisani, watu wakageuka kuwatazama. Mamlaka ilikuwa imeleta mkalimani, kijana Mkenya aliyeitwa Gitau, mwanafunzi wa uhasibu, aliyemwambia Murhula pembeni: “Mzee, Kiswahili chenu cha Kongo kinanipiga chenga. Ongea pole pole, sitakuangusha.”

Murhula alisimama na koti lake la kijivu. Alikuwa amefikiri kwa wiki nyingi atasema nini. Wengine waliomtangulia walisema juu ya maji ya chini ya ardhi, juu ya bei za nyumba, juu ya moto wa msituni. Yeye hakujua sayansi na hakujifanya anaijua. Aliuliza swali.

“Waheshimiwa,” alisema, “mumeeleza kwamba siku moja kukitokea hatari, kampuni itatupigia simu. Simu hiyo itasema tufunge madirisha, au tukimbie, na tukimbilie wapi. Itasema kwa Kiingereza. Mke wangu huyu hajui Kiingereza cha simu. Hajui kusoma. Mama Anésie yule pale hajui. Safu hizi nne, wengi hawajui. Siku hiyo simu italia, mke wangu ataipokea, atasikia mtu anasema maneno, atasema ‘thank you’, ataiweka chini, ataendelea kupika. Nauliza: mutamwambia kwa lugha gani? Na kama hamna lugha ya kumwambia, mulipopima mazingira, yeye mulimpima wapi?”

Gitau alitafsiri, na hakumwangusha. Mwanamke mzee wa Kizungu mstari wa mbele akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mwenyekiti wa jopo, mwanamume mwenye sauti ya upole, akavua miwani. Alisema hilo ni swali zito. Alisema halikuwahi kuulizwa. Alisema wamelichukua na litajibiwa katika taarifa yao.

Jioni ile walirudi kwa miguu, kundi zima, wakicheka kwa sauti barabarani kama watu waliotoka harusini. Anésie alirudia swali la Murhula akiigiza simu kwa kiganja, “thank you, thank you,” na kinamama wakashikana mabega. Hata Balthazar alisema, “Bon. Umesema.” Généreuse alitembea kando ya mumewe akiwa amemshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele za watu tangu wavuke ziwa.

Jibu halikuja mwaka ule. Wala mwaka uliofuata.

Kilichokuja ni barua za nyumba. Kwamba mitaa ya serikali pale Minto ingebomolewa, hilo lilikuwa likisemwa tangu kabla hawajafika, na mtaa mmoja mmoja ulikwisha kubomolewa. Tingatinga zilikuwa sehemu ya mtaa kama vile mbwa na watoto. Nyumba mpya zingejengwa, nyingi za kuuzwa. Lakini mtu husadiki kubomolewa siku barua inapoandikwa jina lake. Mwaka 2007 zamu yao ilifika. Murhula alipelekwa Quakers Hill, ng'ambo kabisa ya jiji. Balthazar na Anésie walipelekwa Mount Druitt. Wengine huku, wengine kule. Walizoea kuazimana chumvi, sasa wangehitaji treni mbili ili kuazimana neno.

Siku lori la Balthazar lilipokuja, Murhula alikwenda kumsaidia kubeba. Alishika upande mmoja wa kabati. Balthazar hakushika upande wa pili.

“Weka chini,” alisema.

“Vipi?”

“Nasema weka chini. Tutabeba wenyewe.” Alisema kwa sauti ndogo, lakini majirani waliokuwa wakifunga vifurushi vyao walisikia. “Uliapa. Kwa kaburi la mama yako. Safu nne zile, hesabu mwenyewe: nani amebaki?”

“Balthazar, hii ni mipango ya zamani. Wazungu pia wanahamishwa. Hata yule bibi aliyepiga makofi—”

“Naye alikuwa kikaoni.”

Murhula akaliweka kabati chini. Alijua kwamba si kweli. Lakini aliona nyuso za wale waliosimama na vifurushi vyao, watu ambao kila walipowahi kuhamishwa walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya jambo fulani, na akaona kwamba kwao lile la Balthazar lilikuwa na maana kuliko la kwake. Anésie alikuwa ndani ya gari la mwanawe, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Hakumtazama.

Habari ikasambaa, kama habari zisambaavyo makanisani: kwamba Murhula, yule Mkongomani wa Bukavu, aliwapeleka watu kusema, na watu wakaondolewa. Huko Quakers Hill simu yake ilipungua kulia. Alipopita na sahani kwenye sherehe, watu walimsogezea kiti kwa heshima, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kirundi.

Yeye aliendelea kufanya kazi Minto. Hakupata nyingine. Alipanda treni alfajiri, akabadilisha treni kituo cha Blacktown, akashuka kule kule alikoondolewa, akapita mbele ya jengo la Brackwell na maua yake. Na kila mwezi alimwomba Vanessa, ambaye sasa alikuwa chuoni, atazame kwenye kompyuta kama taarifa imetoka.

“Bado, Papa.”

“Watajibu. Ni swali zito, yule mzee alisema mwenyewe.”

Ilitoka mwanzoni mwa 2008. Vanessa aliiona kwanza, akaisoma peke yake, na Généreuse aliyekuwa akikunja nguo alijua kuna jambo kwa namna msichana alivyoacha kugusa mashine ile.

“Soma,” alisema Murhula.

“Papa, ni ndefu sana.”

“Soma pale petu.”

Alisoma kwa Kiingereza, kisha akamtafsiria, akikwama njiani. Leseni imeongezwa kwa miaka ishirini. Maoni yote ya umma yamezingatiwa kikamilifu. Kuhusu swali la lugha katika mpango wa dharura: swali hilo lilitolewa na wakazi wa asili ya Kiafrika. Tangu wakati huo wakazi hao wamehamia sehemu nyingine. Hawaishi tena ndani ya eneo linalohusika. Kwa hiyo pingamizi hilo limekoma, na hakuna hatua inayohitajika.

Murhula alimtazama binti yake. “Limekoma.”

“Ndivyo walivyoandika.”

“Si kwamba wamelijibu.”

“Hapana.”

“Jina langu liko?”

Vanessa akaishusha taarifa kwenye kompyuta, akaipandisha. “Wameandika ‘msemaji wa kumi na moja.’”

Généreuse alikunja shuka, akalikunja tena, likawa dogo kama leso. “Mimi wananiandika nani?” aliuliza.

Jumapili iliyofuata Murhula aliichukua karatasi ile, ambayo Vanessa aliichapisha chuoni, akaenda nayo Mount Druitt. Njiani alihisi kitu kinachofanana na furaha, na alikionea haya. Hapa palikuwa na ushahidi. Karatasi yenyewe, kwa mdomo wake yenyewe, ilionyesha kwamba hakuna aliyewakasirikia. Walihamishwa kwa sababu ya tingatinga, si kwa sababu ya maneno yake. Balthazar angeona. Wote wangeona.

Balthazar alimfungulia, akamkaribisha kiti, akamletea maji. Alikuwa amekonda. Alieleza kwamba Anésie aliiacha kazi ya hospitali. Kutoka Mount Druitt hakuna treni ya kumfikisha Campbelltown kabla ya zamu ya alfajiri kuanza. Siku hizi alikuwa hatoki chumbani sana. Wajukuu walibaki upande ule na mama yao.

Murhula akamweleza karatasi, mstari kwa mstari, kidole kikienda chini ya maneno ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuyasoma sawasawa.

“Umeona? Hawakutuondoa kwa kusema. Nyumba zingevunjwa tu. Halafu walipotafuta jibu la swali letu, wakakuta hatupo. Basi.”

Balthazar akachukua kikombe chake. “Kwa hiyo hawakukasirika.”

“Hata kidogo.”

“Hata kidogo.” Alikigeuza kikombe mkononi. “Basi mimi nilikuwa nawaogopa bure. Nilikuwa nalala najiambia: lile swali liliwauma, ndiyo maana wametutawanya. Nilikuchukia, lakini nilisema angalau Murhula aliwauma. Sasa unaniletea karatasi inayosema hata kuwauma hatukuwauma.”

“Balthazar—”

“Ungeniacha na ile yangu, ndugu yangu. Ilikuwa afadhali.”

Kutoka chumbani sauti ya Anésie ikauliza ni nani. Balthazar akajibu kwa Kirundi, na katika jibu lile Murhula alisikia neno moja tu alilolijua, nalo lilikuwa jina lake, jina tupu lile alilopewa na baba yake, si Président. Akanywa maji yake mpaka mwisho, maana ni vibaya kuyaacha, akaaga.

Wiki zile alikula kazini peke yake, nje, juu ya ubao wa kupangia mizigo. Kutoka pale aliona paa za mtaa mpya zikimaliziwa, mahali nyumba yake ilipokuwa. Mabango yalionyesha mama na baba na watoto wakicheka juu ya majani. Siku moja wakati wa chakula alivuka reli akaenda kutazama. Barabara ilikuwa imebadilishwa jina. Mbele ya nyumba moja kijana, Mhindi wa Fiji kwa sura yake, alikuwa anatandaza majani mapya kama mkeka, na mtoto mchanga amelala kwenye kigari kivulini.

Murhula alisimama kwenye ukingo wa barabara. Kiingereza chake kilikuwa cha maboksi: juu, chini, vunjika, nzito. Hata hivyo alijaribu. Alionyesha kidole upande wa reli. Alisema, kule, jengo lenye maua, kuna sumu. Alisema miaka ishirini. Alitafuta neno la mionzi akalikosa, akafanya kwa mikono kitu kinachotoka na kusambaa.

Kijana alimsikiliza kwa adabu, akajifuta jasho, akatazama fulana ya kazi ya Murhula na mikono yake mitupu, akijaribu kufahamu anauza nini, au ni wa kanisa gani. Kisha akatikisa kichwa kwa upole.

“Sitaki, rafiki,” alisema. “Asante. Siku njema.”

Akarudi kwenye majani yake. Murhula alisimama kidogo zaidi, kisha akaona kijana ameanza kumtazama kwa jicho jingine, na amekisogeza kigari karibu na mlango. Akavuka reli, akarudi boharini.

Mwezi wa tisa mwaka ule kulikuwa na uchaguzi wa halmashauri za miji. Murhula alikuwa raia sasa. Mwaka uliotangulia, kwenye uchaguzi wa nchi nzima, alivaa tai, akaamka kabla ya Généreuse, akawa mtu wa kwanza kwenye foleni, akapigwa picha na Vanessa mbele ya lango la shule akiwa ameinua kidole kana kwamba kina wino. Safari hii Généreuse ndiye aliyemwamsha. Kutokwenda ni kosa kwa sheria za nchi ile.

Walikwenda na mvua nyepesi. Vijana wa vyama walimpa vikaratasi getini, akavipokea vyote. Mwanamke mezani alimwuliza jina. Akampa kitambulisho ili asipate taabu ya kulitamka. Akaingia kwenye kisanduku cha kadibodi, mkewe akaingia kingine na Vanessa wa kumsomea.

Karatasi ilikuwa na majina mengi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi. Murhula aliishika, akaiangalia ncha yake, akairudisha mahali pake. Akaikunja karatasi mara mbili kama ilivyokuja, bila alama hata moja, akaitumbukiza sandukuni mbele ya msimamizi, ambaye alimshukuru.

Nje walimngoja chini ya mwavuli.

“Umemchagua nani?” Généreuse alimwuliza.

“Twende,” alisema. “Mvua inaongezeka.”